Kwa Nini Meya wa Kiungamo Huitwa Mgeni

Mtu akifika Kiungamo kwa mara ya kwanza, akasikia meya wa mji anaamkiwa barabarani, "Mgeni, hujambo?", hudhani watu wa hapa wana dharau. Meya kazaliwa mtaa wa pili tu, babu zake wamezikwa nyuma ya msikiti, halafu aitwe mgeni? Kaeni vizuri basi niwaambie. Mwenye haraka aende zake, maana jambo hili halielezwi mguu mmoja ukiwa nje.

Zamani mkuu wa mji hakuitwa meya wala mgeni. Aliitwa Mwenye Mji. Lilikuwa jina la heshima tu, kwani mwenyewe hakumiliki hata uchochoro mmoja. Kazi yake ilikuwa kupatanisha majirani, kuangalia visima visichafuliwe, na kukaa mbele kwenye arusi na misiba. Lakini ndivyo alivyoitwa, na watoto walifunzwa kulitaja jina hilo kwa sauti ya chini.

Jina hilo ndilo lililotuponza. Maana serikali nazo zilikuwa zikija. Walitangulia watu wa Sultani wa ng'ambo, wakauliza nani mkubwa hapa, wakajibiwa kwa adabu zote kwamba Mwenye Mji yupo. Sasa fikirini wenyewe. Umevuka bahari na mizinga yako kuja kuutwaa mji, unaambiwa mji una mwenyewe, naye yuko kwake anakunywa kahawa. Wakamchukua, wakamweka mtu wao. Na sisi, kwa mazoea, tukamwita huyo naye Mwenye Mji. Wakaja Wazungu, wakamchukua huyo. Wakaja Wazungu wengine waliowafukuza wale wa kwanza, wakamchukua aliyewekwa na wenzao. Hao wa mwisho ndio walioleta neno meya, pamoja na mkufu wa kuvaa shingoni, lakini mitaani jina lilibaki lilelile. Na hakuna hata mmoja aliyerudi. Hatukuletewa maiti tukajua pa kuwazika.

Tena walichukuliwa kwa namna moja. Asubuhi mtu hupiga hodi, taratibu kabisa. Wa ndani, kwa kuwa amelelewa vizuri, huitika karibu. Huulizwa kama Mwenye Mji yupo, naye husema yupo, piteni ndani. Basi.

Mwanakombo binti Shee aliyajua hayo kuliko sisi sote. Baba yake ndiye Mwenye Mji aliyechukuliwa na Wazungu wa pili, na aliyesema "yupo, piteni ndani" alikuwa mama yake, huku mikono yake imejaa unga. Mama yule hakukanda unga tena maisha yake yote. Kwa hiyo siku wazee walipokuja, Wazungu hao bado wapo, kumwambia mumewe, Bunu, kwamba wamemchagua yeye, Mwanakombo alilia mbele yao bila kujificha.

"Nyumba nyingine zipo, babu zangu," aliwaambia. "Kwetu mmekwisha kuchukua mmoja."

Wazee wakatazama mkeka. Bunu alikuwa mtu asiyejua kukataa, akakubali.

Wazungu walipoondoka ikaja serikali ya wenye nchi, watu wakacheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Bunu akaachwa na kiti chake. Mwanakombo akaanza kulala usingizi wa kweli, hata akanenepa, na mashoga zake wakamtania kwamba cheo cha mume kimemkaa mwilini. Akadhani hodi zile zimekwisha.

Kisha asubuhi moja redio ikaamka inapiga muziki wa jeshi peke yake, bila mtu wa kusema. Mwanakombo alikuwa anamimina chai. Akaiweka birika chini, akasikiliza nje. Muuza kahawa alipita uchochoroni bila kugonganisha vikombe vyake. Mwenye mahamri hakuita. Kuku tu ndio waliokuwa wanaongea mji mzima. Akamwangalia mumewe aliyekaa anakula.

"Hodi hapa," mtu akasema mlangoni.

Hakuitika. Alikwenda akafungua mlango nusu, akasimama katikati. Walikuwa askari wa serikali mpya, na mbele yao ofisa kijana mwenye sare mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Jina lake, tulikuja kulijua baadaye, ni Ngonyani.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mwenye Mji yupo?"

Mwanakombo alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu utotoni. Alitaka kusema hayupo, kasafiri, kafa. Kabla hajatamka, ofisa akachungulia juu ya bega lake, akamwona Bunu ndani, tonge mkononi.

"Na yule anayekula pale?"

"Yule," alisema Mwanakombo, "ni mgeni."

Hakulipanga neno hilo. Hofu ndiyo iliyolitoa, na lilipomtoka aliona aibu, maana lilikuwa uongo wa kitoto, viatu vya mumewe viko pale kizingitini vimechakaa. Ofisa akatabasamu kidogo. Tabasamu lile lilimtisha kuliko bunduki za wenzake.

"Mgeni wa nani, mama?"

Hapo dirisha la ng'ambo ya uchochoro likafunguka, akatokeza Bi Zahwa, jirani yake, mwanamke ambaye walikuwa hawasemezani tangu ugomvi wao wa maji machafu.

"Mgeni wetu sote," Bi Zahwa akasema.

"Vizuri," ofisa akasema. "Basi mgeni wenu aje tutembee naye kidogo."

Bunu akanawa mikono, akavaa viatu, akatoka. Mwanakombo akamshika kanzu nyuma. Na Bi Zahwa akasema kutoka dirishani, "Ngojeni nivae buibui. Mgeni haondoki bila kusindikizwa."

Hilo kila mtu alilisikia. Milango iliyokuwa imekomewa ikaanza kufunguka, mmoja baada ya mwingine. Walitoka wanawake, wakatoka wavaa vikoi, akatoka muuza kahawa na dele lake. Msidhani walikuwa mashujaa. Walikuwa wanatetemeka, wengine wanasoma dua kwa midomo mikavu, na fundi cherehani mmoja mtu mzima alijikojolea njiani, akaendelea kutembea. Lakini mgeni akitoka husindikizwa, ndivyo tulivyofunzwa, na jambo ulilofunzwa tangu mdogo miguu hulifanya hata moyo ukikataa.

Kwenye boma la serikali lilikuwepo lori linanguruma. Mkuu wa askari akatoka, akaona uwanja umejaa.

"Nilikutuma umlete mtu mmoja," akamwambia Ngonyani.

"Wanasema huyu ni mgeni, afande. Wanamsindikiza."

Mkuu akawageukia watu. Askari wakakoki bunduki, na mlio ule ulipita uwanjani kila mtu akausikia kwenye meno yake. "Mwenye Mji wenu ni nani?" akauliza. Akauliza tena, na safari hii alikuwa anamtazama Mwanakombo.

Mwanakombo alijua kwamba akisema vibaya, mumewe atapanda lile lori, naye atakuwa kama mama yake.

"Hatuna," alisema. "Wenye mji walichukuliwa wote, baba yangu mmoja wao. Waliowachukua nao wakaondoka. Tuliobaki hapa ni wageni, na huyu ni mgeni, na wewe, baba, usinielewe vibaya, wewe pia. Nawe siku yako ikifika tutakusindikiza."

Watu wakafumba macho wakingoja mlio wa risasi. Mkuu alilitazama jengo la boma, alama za bendera zilizong'olewa ukutani, moja juu ya nyingine, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyesikia hodi kwake mwenyewe.

"Mrudisheni mgeni wenu," akasema mwishowe.

Bunu alirudi nyumbani kwa miguu yake, watu wamemzunguka pande zote, na hawakumwachia mpaka Mwanakombo alipomkomea mlango kwa ndani. Umeya walimnyang'anya, wakampa yule kijana Ngonyani. Siku anaapishwa watu walimpokea wakasema, "Karibu, mgeni," naye akacheka. Hakuwa meya mzuri. Alifunga watu, alituondolea soko, na wapo waliomwombea mabaya kila Ijumaa.

Ikaja siku redio ikapiga muziki peke yake tena. Walinzi wa Ngonyani walivua sare wakakimbia. Yeye alijifungia ofisini, na waliopita karibu walimsikia analia humo ndani kama mtoto. Serikali mpya ilikuwa njiani na malori yake, na mjini palikuwa na watu waliosema wacha wamchukue, na sisi tuonje raha ya kuangalia.

Mwanakombo, mtu mzima sasa, alivaa buibui akaenda. Aligonga mlango wa ofisi kwa kiganja.

"Nani?" Ngonyani akauliza. Hakuthubutu kusema karibu.

"Ni mie, mwanangu. Toka, mgeni, twende." Na nyuma yake uwanja ulikuwa umeanza kujaa.

Walimsindikiza mchana kutwa, mbele ya malori, mpaka mpakani mwa wilaya ya kwao, wakamkabidhi kwa mama yake mzazi. Waliomchukia walikwenda pia, wamenuna njia nzima, lakini walikwenda.

Na tangu siku hiyo Kiungamo hakuna Mwenye Mji. Kila meya, awe wa chama gani, huitwa mgeni tangu anapoapa, na serikali ikibadilika au muda wake ukiisha, mji mzima humtembeza mpaka mlangoni kwake. Wengine hukasirika wakiitwa hivyo, wakataka waitwe Mheshimiwa. Huelezwa habari hii mliyoisikia leo. Hutulia, kisha huuliza kama ni kweli kwamba tunakwenda sote.