Simu Zote kwa Mkurugenzi

"Ngano, ngano!"
"Ije tuisikie!"
"Ije na nini?"
"Ije na utamu wake!"
"Na chumvi je?"
"Utie mwenyewe!"

Haya, nimetia. Hapo kale, lakini si kale sana kwa sababu intaneti ilikuwepo, wanyama wa Bonde la Mikwaju walikuwa na Ofisi ya Malisho. Mnyama akitaka kujua majani mabichi yako wapi, au kisima kipi kimekauka, alipiga simu ofisini akaambiwa. Mkurugenzi wa ofisi alikuwa Kiboko. Mnamjua Kiboko? Tumbo mbele, yeye nyuma, na kazi anayoipenda ni kula. Fundi wa simu alikuwa Bi Kindi, mdogo wa mwili, mwepesi wa akili, mkia juu, macho hayatulii. Mimi Bi Kindi nampenda, sifichi, na mkisikia namsifu sana msinikatize.

Basi siku moja mchwa wakaila ofisi. Wakala dari, wakala milango, wakala meza, wakala hadi daftari la mahudhurio. Asubuhi jengo likalia kwa, kwa, kwa, puuu! Chini. Kwa bahati hakuna aliyeumia, na simu zilikuwa za plastiki, mchwa hawakuzitaka.

Mwenyekiti wa bodi, Mama Tembo, akatoa agizo: "Kila mfanyakazi afanyie kazi nyumbani kwake. Simu zikafungwe majumbani."

Kiboko akanuna. "Nyumbani! Nitajuaje kama wapo kazini?" Akatunga sheria yake mwenyewe, akaipiga muhuri: simu ikilia mara tatu bila kupokelewa, mwenye simu hayupo kazini, na jina lake liende kwa Mama Tembo afukuzwe.

Bi Kindi akatia simu kapuni, akamgawia kila mmoja yake na waya wake; baada ya siku mbili akajizungusha waya za akiba shingoni, akaenda nyumba kwa nyumba kuzifunga. Simu zile hazikuwa za nguzo kama za zamani. Zilipita kwenye intaneti. Unachomeka ncha moja ya waya kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti, ncha ya pili kwenye simu, unangoja taa. Nyekundu, njano, kijani. Ikifika kijani, namba yako ya ofisini imekufuata nyumbani, hata kama nyumba yako ni pango.

Akafika kwa Bi Kanga, akamkuta ameiatamia simu.

"Shoga, unafanya nini?"

"Nimeona ina joto, nikasema labda inataka kuanguliwa."

"Hii haitotoi, shoga yangu. Inuka."

Chap chap, akachomeka, kijani. Kriii!

Akafika kwa Mzee Kobe. Huyu alifurahi kuliko wote kusikia kazi ni ya nyumbani, maana tangu azaliwe hajawahi kutoka kwake. Alikuwa amejifungia simu mwenyewe: ncha moja ya waya kwenye tundu hili, ncha ya pili kwenye tundu la jirani, simu ile ile moja. Siku mbili amekaa anangoja.

"Mwanangu, mbona haiiti?"

"Babu, ruta hujaipa chochote. Nipishe kidogo."

Chap chap, akachomeka, kijani. Kriii!

Akafika kwa Digidigi. Huko simu ilishika vizuri, ila kila ikilia Digidigi alikimbilia kichakani, na milio mitatu ikaisha yumo humo humo. Fundi mwingine angecheka akaondoka. Bi Kindi hakucheka. Akakaa naye, akapunguza mlio kidogo, akapunguza tena, mpaka ikabaki kri, kri, kama panzi. Digidigi akasogea. Akanusa. Akapokea. Huyo ndiye fundi ninayemsifu mimi!

Sasa kazi ikaendelea vizuri. Lakini siku ya kwanza, saa saba kasoro robo mchana, Bi Kanga yuko na vifaranga wake wanakula mtama, mara, gudu, gudu, gudu!

"Hodi! Ukaguzi wa simu!"

Mnajua adabu ya kwetu. Mtu akikukuta unakula, unamwambia karibu. Na yeye, kama kalelewa, ananawa, anaonja tonge moja, mbili, anasema ahsante, nimeshiba. Bi Kanga akasema, "Karibu, Mkurugenzi."

"Ahsante, nimekaribia," akasema Kiboko.

Bwaku! Sufuria nzima. Vifaranga wakabaki kutazamana. Ile simu aliyokuja kuikagua hakuitupia hata jicho.

Siku ya pili, gudu, gudu, gudu, kwa Mzee Kobe. "Karibu, Mkurugenzi." "Ahsante, nimekaribia." Bwaku! Mchicha wote.

Siku ya tatu, gudu, gudu, gudu, kwa Digidigi. "Karibu, Mkurugenzi." "Ahsante, nimekaribia." Bwaku! Kunde zote, na majani yake.

"Kesho kwa fundi," akasema Kiboko akijipangusa mdomo. "Nasikia ana korosho."

Ni kweli Bi Kindi alikuwa na korosho. Zilikuwa akiba ya kiangazi kizima, zimejaa kwenye shimo la mti, na alikuwa na watoto wanne aliowaachisha ziwa juzi tu. Bwaku moja, na kiangazi kingewakuta hawana kitu. Sasa afanyeje? Amfungie mgeni mlango? Amnyime mkubwa? Kwetu chakula hakifichwi mgeni akiwa mlangoni, hata mgeni huyo akiwa Kiboko.

Bi Kindi akaogopa, nawaambia kweli. Alikaa kwenye tawi, mkia umelala, akawatazama watoto wake wanne wakigombania korosho moja kwa mchezo, na machozi yakamlenga. Akakaa. Akawaza. Halafu mkia ukaanza kupanda. Polepole, polepole, mpaka juu.

Kulipopambazuka akaenda kwa Kiboko, kufunga simu ya mwisho.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Korosho zipo?"

"Zipo, Mkurugenzi. Nimekuja kukufungia simu."

Chap chap, akachomeka, kijani. Akawa anakusanya vyombo vyake huku anasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana: "Wenzetu wana bahati. Jana Nyati kampigia Mzee Kobe, kaelekezwa majani yalipo, kafurahi mpaka kaahidi kumletea mzigo mzima. Na Nyani kamwahidi Bi Kanga mkungu wa ndizi."

Na hakuwa anadanganya. Yote yalikuwa kweli.

Vile visikio vya Kiboko vikasimama. "Mzigo? Mkungu? Vinakwenda kwao na mimi nipo? Simu zote zije kwangu!"

"Zote, Mkurugenzi?"

"Zote!"

"Hata za kwangu?"

"Za kwako ziwe za kwanza!"

"Hata saa ya chakula?"

"Hasa saa ya chakula! Ndipo watu wanapoahidiana vyakula!"

"Basi niandikie, Mkurugenzi. Mimi ni mtumishi tu."

Kiboko akaandika, akapiga muhuri. Bi Kindi akabonyeza ti, ti, ti, ti. "Tayari. Mtu akipiga namba yoyote ya ofisi, italia hapa kwako peke yake." Akaaga kwa heshima zote, akarudi mtini kwake.

Saa saba kasoro robo Kiboko akainuka. Korosho! Akapiga hatua moja. Kriii!

"Halo!"

"Halo, ni Swala hapa. Majani mabichi yako wapi?"

Kiboko hajui. Alikuwa mkurugenzi, angejulia wapi? "Yako... yako bondeni."

"Bondeni sehemu gani?"

"Bondeni kule kule bondeni!" Akaweka mkonga wa simu. Akapiga hatua mbili. Kriii! Punda milia, anauliza kisima. Akajibu ovyo, akapiga hatua tatu, nne, amefika mlangoni. Kriii! Mlio wa kwanza. Kriii! Mlio wa pili. Akaikumbuka sheria yake na muhuri wake, akarudi mbio, gudu, gudu, gudu. "Halo!"

Ikawa hivyo mchana kutwa. Wenye akili walikwenda kumwuliza Mzee Kobe mlangoni, lakini wengine walipiga tu. Akitaka kutoka, kriii! Akitaka kulala, kriii! Akichukua fungu la nyasi zake mwenyewe, akitia mdomoni, kriii!

"Mmbwalo!"

"Nani huyo anaongea na chakula mdomoni?"

Kiboko akazimeza bila kutafuna. "Kiboko, Bi Mwenyekiti."

Alikuwa Mama Tembo. "Kiboko! Nimepiga namba ya Kobe, umepokea wewe. Nimepiga ya Kanga, umepokea wewe. Kumbe unawasaidia wenzako kazi! Sijapata kuona mkurugenzi mchapakazi namna hii. Endelea hivyo hivyo, usibanduke hapo."

Angesema nini? "Ndiyo, Bi Mwenyekiti."

Ndipo akamkumbuka fundi. Ampigie aje kuondoa balaa hili. Akabonyeza namba ya Bi Kindi. Tuut, tuut, tuut. Inatumika. Akabonyeza tena. Tuut, tuut, tuut. Inatumika. Na simu ya Bi Kindi siku hizi inalia kwa nani, watoto?

"Kwa Kiboko!"

Kwa Kiboko! Alikuwa anajipigia mwenyewe, na mwenyewe yuko kwenye simu! Hebu nipeni makofi ya Bi Kindi. Hamjapiga vizuri. Tena!

Siku tatu Kiboko hakuiona nje. Ngozi ikamlegea, macho mekundu, sauti imemkauka. Siku ya nne Bi Kindi akashuka mtini, akapita kumjulia hali.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Fundi, niokoe! Ziondoe simu hizi!"

"Nitaziondoaje? Amri yako ina muhuri."

"Naandika nyingine!"

"Basi andika, nakutajia. Simu zirudi kwa wenyewe. Ile sheria ya milio mitatu ifutwe. Na ukaguzi wote ufanyike kwa simu tu, Mkurugenzi asijisumbue kutembea."

Kriii! ikalia. Kiboko akairukia kalamu. Akaandika upesi upesi, akapiga muhuri mara mbili ili usifutike. Ti, ti, ti, ti. Kukawa kimya, na Kiboko akalala pale pale alipokuwa amesimama.

Mpaka leo anakagua kwa simu, kila mchana. Kriii!

"Fundi, upo kazini?"

"Nipo, Mkurugenzi. Tunakula korosho na watoto. Karibu!"

Huko upande wa pili Kiboko anameza mate, glu. "Ahsante," anasema. "Endeleeni."

Na sisi ngano yetu tumeila, tumeimaliza, aliyechelewa alambe kijiko.

Funzo lake, watoto wangu, ni hili: mtumishi mwema humtii mkubwa wake kwa kila neno, bila kupunguza hata nukta. Bi Kindi alitii, na mmeona alivyofanikiwa. Nanyi mnitii mimi. Aliye karibu na sufuria aniletee uji, bakuli moja. Nimesema bakuli moja, na msianze kuniuliza kama nataka na la jirani, na msinitake niandike.