Unga wa Nafaka Saba

Unga wa nafaka saba haumtaji mkosaji.

Mmemsikia mwenyekiti akiisema methali hiyo asubuhi hii kwenye kikao cha maji, alipouliza nani amevunja koki ya bomba na watu tisa wakajibu kwa mpigo mmoja, kila mmoja akimtaja mwingine. Mmecheka mpaka mkashika mbavu. Hamna kosa, hakuna aliyewaambia ilikotoka. Lakini aliyeitamka mara ya kwanza hakuwa na kicheko kinywani. Endeleeni kupukuchua hayo mahindi, mikono isisimame, mpate kusikia ilivyoanza.

Katika kijiji cha Msindokwe, juu kwenye milima ya Upare, aliolewa mwanamke aitwaye Nakundwa. Mumewe Elifasi alikuwa mkata mkonge katika mashamba ya kule bondeni, na alipanda mlimani mara moja tu kwa mwezi. Nakundwa aliishi na mama mkwe wake, Bi Nanzia, pamoja na mtoto wake wa pekee, Mbonea, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi saba.

Mbonea alikuwa mtoto mchangamfu hadi alipoachishwa ziwa. Tangu siku hiyo hakuna chakula kilichokaa tumboni mwake kwa amani. Akilishwa makande yaliyopondwa, tumbo linavimba na kuwa gumu. Akipewa maziwa ya ng'ombe, anaharisha hadi macho yanaingia ndani. Alipopelekwa kupimwa uzito, mstari kwenye kadi yake ya kliniki ulikuwa umetoka kwenye kijani ukaingia kwenye kijivu, na Nakundwa, ambaye hakusoma sana, aliielewa rangi ile vizuri kuliko barua yoyote.

Nesi wa zahanati, dada mmoja aitwaye Apaikunda, alimketisha akamwambia, "Mama Mbonea, tumbo la huyu mtoto ni jepesi. Usilibebeshe vitu vingi kwa pamoja. Anza na uji wa mchele peke yake. Akikaa siku nne salama, ongeza kitu cha pili, kidogo tu, boga au ndizi. Siku nne tena, ongeza cha tatu. Kikimsumbua kimoja, tutakijua ni kipi na utakiacha."

Nakundwa alifanya hivyo hivyo. Aliupika uji wa mchele mpaka punje zikapasuka, akauchuja kwa kitambaa, akamnywesha mtoto kwa kijiko. Siku ya tano akaongeza boga lililopondwa. Siku ya tisa akaongeza kiini cha yai. Choo cha mtoto kikaanza kushikana. Siku ya kumi na moja Mbonea aliinuka mwenyewe, akamfukuza kuku uani akicheka, na Nakundwa alisimama mlangoni akilia kwa furaha.

Sasa hapa ndipo penye desturi, nanyi mnaijua kwa sura yake ya leo tu. Zamani kule Msindokwe, mtoto wa ukoo akidhoofika, wanawake humchangia unga. Kila mmoja huja na kibaba cha kile kilicho bora katika ghala lake. Vibaba vyote humiminwa kwenye kikapu kimoja mbele ya watu, kisha mama wa mtoto huvichanganya kwa mikono yake mwenyewe, mpaka isijulikane tena kipi kilitoka kwa nani. Aliyeiweka desturi hii hakuwa mjinga. Nyakati hizo mtoto akifa, watu walimtafuta mchawi, na daima mchawi alionekana kuwa yule aliyempa mtoto chakula cha mwisho. Wakaona ni heri chakula kiwe cha wote, asiwepo wa kunyooshewa kidole. Wakati wa kuchanganya ni mwiko kuuliza, "Hiki ni cha nani?" Na kukataa kibaba cha mtu ni kumwita mchawi mchana kweupe.

Bi Nanzia ndiye aliyeita wanawake. Alikuwa akimtazama mjukuu wake akinywa ule uji mweupe siku baada ya siku, na moyo ukimuuma. Kwake yeye, uji wa mchele ulikuwa maji ya kusuuzia sufuria. Wakaja wanawake sita, naye akawa wa saba: mahindi, mtama, ulezi, ngano, soya, karanga na maharage. Najua, mwalimu wenu atasema karanga na maharage si nafaka. Mashine ya kusaga ya Mzee Mshana haikwenda shule, vyote ilivisaga sawasawa.

Wala msidhani walileta makapi. Mwenye karanga alizitoa zile alizomwekea binti yake aliyekuwa akikaribia kujifungua. Bi Nanzia alileta maharage mekundu ya mbegu, ambayo hata njaa ya mwaka uliotangulia haikumfanya ayaguse. Nakundwa aliyaona, akajua ni upendo. Akakumbuka pia maneno ya nesi. Akasimama mbele ya kile kikapu, macho ya wanawake saba yakimtazama, akaingiza mikono na kuchanganya.

Unga ulirudi kutoka mashineni ndani ya debe, ukinukia karanga. Siku mbili za kwanza Mbonea alikunywa uji wake na kulamba kijiko, wanawake wakapiga vigelegele. Siku ya tatu tumbo likavimba. Siku ya nne akaanza kutapika, akaharisha mara nyingi kuliko mama yake alivyoweza kufua nguo.

Nakundwa akambeba mgongoni hadi zahanati. Nesi Apaikunda akampa maji ya chumvi na sukari, kisha akauliza, "Umempa nini kipya?"

"Unga wa ukoo."

"Una nini ndani?"

Nakundwa akavitaja vyote saba.

"Kipi kimemdhuru?"

"Dada, nitajuaje? Vyote vimo."

Nesi akasema, "Basi uache huo unga. Mrudishe kwenye mchele, na ukimwona analegea, mlete mbio."

Kuuacha. Ni rahisi kusema ukiwa zahanati. Nakundwa aliporudi nyumbani aliliweka debe nyuma ya mlango na kumpikia mtoto uji wa mchele jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Kwa siku mbili Mbonea alitulia, hata akaomba kushika kijiko mwenyewe. Siku ya tatu Bi Nanzia akafunua lile debe, akaona unga haujapungua.

"Mama Mbonea," akasema, "unga mbona uko pale pale?"

"Mama, unamsumbua mtoto. Nesi amesema niuache kwanza."

"Unga wote? Au kimoja ndani yake?"

"Kimoja, Mama. Ila hatukijui. Laiti kila mmoja angeniletea tena chake, kwenye kifuko chake, nikampa kimoja kimoja, siku nne nne..."

Bi Nanzia akakaa kitako kwenye kizingiti. "Mwanangu, unajua unachosema? Unataka wale wanawake waje hapa uani, kila mmoja na kifuko chake, wangoje kuona cha nani kitamwangusha mtoto? Na kikishajulikana, huyo mama ataishi wapi? Watoto wake wataoa wapi?"

"Simtafuti mchawi, Mama. Natafuta chakula."

"Wewe unatafuta chakula. Kijiji kitatafuta mchawi." Akainuka akishika mlango. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Unga umechangwa na saba ili umbebe mtoto kwa nguvu za saba. Pengine unaupika mwepesi mno. Na leo jioni wenzako wanakuja kumwona akinywa. Usiniaibishe."

Nakundwa alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mumewe alikuwa mbali, na nyumba aliyokaa haikuwa yake. Bi Nanzia alipotoka, alichukua ungo na chekeche, akamimina unga na kuanza kuchekecha. Alitafuta wekundu wa maharage. Alitafuta mafuta ya karanga. Alilamba vidole, akachekecha tena, mpaka nywele zake zikawa nyeupe kwa vumbi. Unga ulikuwa unga. Jioni wanawake walikuja, naye akaupika, mzito, akamlisha mwanawe mbele yao.

Mtaniuliza kwa nini hakukataa. Naye alijiuliza swali hilo miaka arobaini. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini Nakundwa hakumchelea mwana. Aliwachelea watu wazima, na kilio kilikuja vilevile.

Mbonea alitapika kuanzia alfajiri. Kufikia saa nne asubuhi hakuwa na machozi tena alipolia. Nakundwa akamfunga mgongoni akateremka mbio kuelekea zahanati, Bi Nanzia akimfuata na kanga mkononi kumkinga mtoto na jua. Walipofika kwenye daraja la miti, Nakundwa akahisi uzito mgongoni umebadilika. Hakusimama. Alikwenda hadi mlangoni kwa nesi, kwa sababu alijua akisimama itakuwa kweli.

Wakamzika kesho yake. Elifasi alifika kaburi likiwa limekwisha kufunikwa.

Hakuna aliyemtaja mchawi. Desturi ilifanya kazi iliyowekewa, na hakuna aliyeweza kumnyooshea mwenzake kidole. Watu walisema ni kazi ya Mungu, wakaondoa matanga, wakarudi mashambani.

Kisha wakaanza kuja, mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa mwenye ngano. Alipitia nyuma ya nyumba, akachuchumaa kando ya Nakundwa, akasema kwa sauti ya chini, "Niambie ukweli. Ni ngano yangu?" Nakundwa akamjibu kwamba hajui. Yule mama akaondoka akijifuta uso. Wiki hiyo hiyo akaja mwenye soya. Akaja mwenye ulezi. Mwenye karanga alikuja mara tatu, kwa kuwa binti yake alikuwa amejifungua, na kila alipompakata mjukuu alimkumbuka Mbonea. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyekuja. Kila mmoja aliomba jibu lilelile, naye Nakundwa hakuwa nalo la kumpa.

Wa mwisho alikuwa Bi Nanzia. Walikuwa wakilala chini ya paa moja na kula sufuria moja, na bado ilimchukua miezi minne. Alikuja jikoni asubuhi, akapiga magoti mbele ya mkwewe, jambo ambalo mama mkwe hafanyi.

"Ni maharage yangu," akasema. "Sema ndiyo, mwanangu. Sema tu, nijue."

Nakundwa alimtazama. Kulikuwa na siku alizomchukia mama huyu hadi chakula kikamshinda kumeza, na angetamani kusema ndiyo. Kulikuwa na siku alizomsikia akilia kwa siri chumbani, na angetamani kusema hapana. Akamshika mabega, akamwinua.

"Mama, inuka. Ningejua ni maharage, ningekuchukia wewe mpaka nichoke, kisha ningekusamehe, yakaisha. Ningejua ni karanga, ningemsamehe mwenye karanga. Mmekuja wote saba kuomba msamaha, nami sina wa kumpa. Unga wa nafaka saba haumtaji mkosaji."

Tangu mwaka ule wanawake wa Msindokwe huleta michango yao kwenye vifuko saba, na hakuna anayeimimina pamoja mpaka mtoto amekionja kila kimoja siku nne. Bi Nanzia ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuiomba desturi ibadilike. Hakupanda tena maharage shambani kwake. Wale wengine sita nao hawakuacha kujiuliza, hata mmoja wao, mwenye mtama, alipokuwa anakata roho, aliomba Nakundwa aitwe. Nakundwa akaenda, akaketi kitandani, akamshika mkono. Yule bibi kizee akafumbua macho na kuuliza kama ni mtama. Alikufa bila kujibiwa.

Kwa hiyo mkiisikia tena kikaoni, chekeni kama lazima, koki ni koki. Ila mjue kulikuwa na mama aliyekaa na chekeche mapajani, akitafuta kitu kimoja ndani ya vitu saba kabla ya jioni. Unga wa nafaka saba haumtaji mkosaji.