Fundo la Mwisho la Bi Kondoo

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye uzi nani?

Wewe!

Mwenye masikio nani?

Sisi!

Basi yategeni. Leo nasimulia nikiwa na hasira, na sitawaficha. Nimeingia hapa na sinia la viazi vya kuchoma. Mmevila, mmefuta midomo, mmenyamaza. Haya. Tutaonana mwisho wa hadithi.

Hapo zamani za kale, milimani juu kabisa, kule ambako mwezi wa saba ukungu huingia mpaka jikoni, aliishi Bi Kondoo na binti yake mdogo, Sekela.

Sekela alizaliwa kabla ya wakati wake. Manyoya yake yalikuwa machache, ngozi ikionekana. Alitetemeka hata jua likiwaka. Usiku mama yake alimlaza chini ya tumbo lake, na bado alitetemeka.

Jirani yao alikuwa Mnana, yule ndege anayefuma viota. Siku moja alimtazama mtoto, akatikisa kichwa.

"Mama Sekela, mimi si mganga, nasema ninachokiona. Baridi ya mwezi wa saba ikimkuta mtoto huyu hivi alivyo, mwezi wa nane hatauona."

Bi Kondoo akashika kifua. "Nifanye nini, dada yangu?"

"Mfumie nguo."

"Sijui kufuma."

"Nani alizaliwa anajua? Kiota changu cha kwanza kilidondoka na mimi nikiwa ndani. Njoo nikufundishe."

Bi Kondoo akaenda kwenye ua wa miiba, akajisugua, akajisugua, mpaka sufu ya ubavu wake wa kulia ikabaki miibani. Akaichambua. Akaisokota ikawa uzi. Njiani akaokota miiba miwili aliyoidondosha Nungunungu, mirefu na laini, ndiyo ikawa sindano zake.

Mnana akamwonyesha. "Ingiza, zungusha, toa, dondosha. Ingiza, zungusha, toa, dondosha. Hakuna kingine. Kitanzi kikikuponyoka, kirudie. Usilie."

Kisha Mnana akasema, "Sasa shika neno hili. Kwetu sisi wafumaji, fundo la mwisho halifungwi ukiwa peke yako. Unamvika mtu nguo, unangoja aseme asante, ndipo unafunga. Bila fundo hilo ncha ya uzi hubaki inaning'inia, na nguo inakuwa bado ni yako."

"Na asiposema asante?"

"Aa, kila mtu husema," akajibu Mnana.

Maskini Mnana! Alikuwa bado hajawajua majirani.

Bi Kondoo akakaa mlangoni, akafuma huku akiimba. Nanyi mniitikie, msinitumbulie macho.

*Kitanzi, njoo!*

Avae!

*Kitanzi, pita!*

Avae!

*Mwanangu Sekela, baridi inakuja!*

Avae! Avae!

Alianza na kofia ya mtoto. Lakini mkono ulikuwa mgeni, vitanzi vikawa vinalegea, kofia ikapanuka, ikapanuka. Ilipokwisha, Sekela aliingia mzimamzima ndani yake, akachungulia tundu moja. Bi Kondoo akacheka. "Si kitu, mwanangu. Nitaikunja mara mbili."

Hajaikunja, huyo kaja Mzee Ngiri. Mzee Ngiri ndiye aliyekuwa mkubwa wa mlima ule. Alitembea pua mbele, akiingia majumbani mwa watu bila hodi.

"Wewe, Kondoo! Nasikia unafuma. Na mkubwa wako unamkumbuka?"

"Mzee, hii ni ya mtoto. Mtoto ni mgonjwa."

"Mtoto ana kichwa kikubwa hivyo? Lete hapa. Mkubwa akiugua masikio, mlima mzima unaugua."

Akaitwaa, akaivaa, ikamkaa sawasawa na meno yake yote yale. Akajigeuza mbele ya mtungi wa maji, akajitazama.

"Mashimo matupu," akasema. "Kofia gani hii?"

"Subiri, mzee. Sijafunga fundo la mwisho."

Lakini Mzee Ngiri alikwisha geuka. Hakusema asante. Ncha ya uzi ikawa inaning'inia kisogoni.

Hasira ikamshika Bi Kondoo tumboni. Akaimeza.

Akarudi kwenye ua wa miiba, akajisugua ubavu wa kushoto. Akasokota uzi, akakaa mlangoni.

*Kitanzi, njoo!*

Avae!

*Kitanzi, pita!*

Avae!

Safari hii alifuma skafu ya kumzungushia Sekela kifuani. Vitanzi havikulegea tena. Lakini hakujua pa kukomea, akafuma tu, akafuma, skafu ikatoka mlangoni ikafika kwenye mawe ya jiko la nje. Huyo akaja Korongo, mwenye shingo ndefu, anakohoa.

"Koh! Koh! Mama Sekela, mwenzio nakufa. Koo langu hili, unaliona lilivyo refu? Baridi ikiingia juu, kufika chini ni safari."

"Pole, shoga yangu. Lakini hii ni ya mtoto."

"Mtoto wako ana wewe. Mimi nina nani?" Korongo akatoa machozi, tena machozi ya kweli kabisa, maana alikuwa hodari wa kuyatoa. "Koh! Nikifa mtanizika tu."

Bi Kondoo akamwonea huruma. Akamzungushia skafu shingoni, raundi baada ya raundi. Kikohozi kikakoma papo hapo. Mmekiona kikohozi cha namna hiyo? Mimi nimekiona.

"Inawasha," akasema Korongo akijikuna. "Hukuifua?"

"Subiri, sijafunga fundo la mwisho."

Korongo alikwisha kunjua mbawa. Hakusema asante. Ncha ya uzi ikapepea nyuma yake.

Hasira ikapanda, ikamkaa Bi Kondoo kifuani. Akaimeza. Sekela akauliza, "Mama, na mimi yangu lini?" Bi Kondoo akainuka.

Akarudi kwenye ua wa miiba. Sasa akajisugua mgongo, sufu ya mwisho aliyokuwa nayo. Upepo ulipovuma, ulimpata pande zote. Akasokota uzi wake, akafuma soksi nne, moja kwa kila mguu wa mtoto. Na hizi zilitoka vizuri, wallahi! Vitanzi vimelala sawa, hakuna shimo hata moja. Alikuwa amejua.

Huyo akaja Nyani, mcheshi, kila mtu humpenda Nyani.

"Lo! Lo! Shemeji! Mikono yako ni ya dhahabu! Nipime tu."

"Ni za Sekela."

"Nimesema nipime. Nitakula soksi mimi? Nipime, nikuambie kama zinabana." Akavaa mbili mikononi, mbili miguuni. Akapiga makofi, akarukaruka. "Hazibani! Lakini, shemeji, rangi moja tu? Hukuwa na nyekundu?"

"Vua, Nyani. Sijafunga mafundo."

Nyani akadaka tawi, juu, tawi la pili, juu zaidi, kicheko chote! Nyuzi nne zikining'inia. Hakusema asante.

Hasira ikapanda mpaka kooni. Bi Kondoo akaimeza kwa shida, ikampalia.

Mwezi wa saba ukaingia. Ukungu ukashuka, mvua nyembamba ikashuka nao. Sekela hakutetemeka tena. Aliyewahi kufuga anajua maana yake: kutetemeka kukikoma, mambo yameharibika. Miguu ilikuwa baridi, midomo migumu.

Mzee Ngiri alikuwa amewasha moto mkubwa katikati ya uwanja, na wanyama wote wakaitwa. Bi Kondoo, mwili mtupu, akambeba mwanawe akakimbia. Akapenya katikati ya watu, akafika mbele. Joto likamgusa mtoto usoni.

"Wewe! Unakwenda wapi?" Mzee Ngiri akamzuia kwa meno. "Huu ni moto wa watu nadhifu. Wenye mavazi ya sufu mbele. Walio uchi, huko nyuma."

Bi Kondoo akatazama mbele. Waliokaa mbele walikuwa watatu tu. Mzee Ngiri na kofia. Korongo na skafu. Nyani na soksi zake nne, ameinyoosha miguu karibu na makaa.

"Mzee, mtoto anakufa."

"Unajua ni mgonjwa, mbona humvishi?" akasema Mzee Ngiri.

"Kweli kabisa," Korongo akadakia. "Mama gani huyo?"

"Na mikono anayo," akasema Nyani, wakacheka.

Jamani! Nikifika hapa damu inanichemka, miaka yote hii, na hadithi yenyewe naijua.

Hasira ile ya tumboni, na ile ya kifuani, na ile ya kooni, zote zikapanda pamoja. Bi Kondoo hakuimeza. Akamlaza mwanawe kando ya moto, akasimama, akapiga kwato chini.

"Mama gani? Mama aliyewavika ninyi! Kofia hiyo ni ubavu wangu wa kulia! Skafu hiyo ni ubavu wangu wa kushoto! Soksi hizo ni mgongo wangu! Mmevaa mwili wangu, mnakota moto, mnanicheka! Nani kati yenu aliniambia asante? Nani?"

Ngiri akamtazama Korongo. Korongo akamtazama Nyani. Nyani akatazama juu.

"Basi hazijafungwa. Na kisichofungwa ni changu."

Akauma ncha ya uzi kisogoni kwa Mzee Ngiri, akavuta, huku akiimba. Itikieni kwa nguvu!

*Kitanzi, toka!*

Avae!

*Kitanzi, rudi!*

Avae!

*Mwanangu Sekela, baridi imefika!*

Avae! Avae!

Mstari ukafumuka, na wa pili, na wa tatu. Kofia ikapanda juu kama inavuliwa na upepo. Mzee Ngiri akaishika kwa miguu yote miwili ya mbele. "Asante!" akapiga kelele. "Asante, Mama Sekela! Asante sana!"

"Sasa?" akasema Bi Kondoo. "Sasa ndiyo umejua neno?" Akavuta mpaka kichwa kikabaki kipara.

Korongo akainuka aruke. Uzi ulikuwa tayari mdomoni mwa Bi Kondoo, na kila Korongo alipopiga bawa, skafu ilifumuka yenyewe, akazunguka hewani kama pia. "Asante, shoga! Koh! Asante!"

"Sasa?" Akavuta yote.

Nyani akapanda mti, Bi Kondoo ameziuma nyuzi zake nne. Panda, panda! Kadiri alivyopanda ndivyo soksi zilivyobaki chini. Alipofika kileleni alikuwa na vidole vyake tu. "Asante, shemeji! Asante mara nne!"

"Sasa?"

Madonge matatu ya uzi yakalala miguuni pa Bi Kondoo. Akakaa palepale alipokuwa amekaa Mzee Ngiri. Hakuna aliyethubutu kumwondoa. Akatoa miiba yake ya nungunungu, akaanza. Ingiza, zungusha, toa, dondosha. Hasira ilikuwa bado iko mikononi, mikono ikawa myepesi, hakikuponyoka hata kitanzi kimoja. Mnana akashuka, akamshikia uzi. Walio nyuma wakasogea, wakachochea moto.

Moto haujafifia, sweta limekwisha. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake, na shingo ilikwenda upande. Akamvika Sekela, akambana kifuani pake. Akaishika ncha ya uzi, akangoja.

Mtoto kimya.

"Funga, mama," wanyama wakamwambia. "Huyu ni mtoto, tena ni mgonjwa. Funga tu."

Bi Kondoo hakufunga. Alitaka kumsikia. Asingemsikia, fundo lingekuwa la nini?

Akampulizia pumzi puani. Akamsugua miguu. Akamwimbia polepole, sauti imekauka, na uwanja mzima ukaitikia chinichini: avae, avae.

Jicho moja likafunguka. Midomo ikacheza.

"Asante, mama."

Bi Kondoo akafunga fundo. Akalikaza kwa meno. Kisha akalia kwa sauti, mbele ya watu wote, hakuona haya.

Sekela aliuona mwezi wa nane. Aliiona na miezi mingine mingi.

Na wale watatu je? Mtazameni ngiri anavyokimbia, mkia wima, na nywele kidogo kwenye ncha: ule ndio uzi aliobakiwa nao. Mtazameni korongo asubuhi ya baridi, ameizamisha shingo mabegani, anaitafuta skafu. Mtazameni nyani, mikono makwapani. Mpaka leo wanaona baridi, na mimi siwaonei huruma.

Funzo la hadithi hii ni hili. Mtu akikupa kitu alichokifanya kwa mikono yake, amekupa sehemu ya mwili wake. Mshukuru palepale, usingoje uzi uvutwe. Na wewe mwenye mkono wa kutoa, mtoe mwanao baridini kwanza, majirani baadaye.

Hadithi yangu nayo imefika kwenye fundo la mwisho. Ncha ninayo mkononi. Mkinyamaza, naivuta yote naondoka nayo, na viazi vyangu mtavikumbuka.

Mnasemaje?

Asante!

Sijasikia.

Asante!

Haya. Nimefunga.