Geti Lililoogopwa na Mji Mzima

Isome mpaka mwisho, halafu mtumie kiongozi yeyote unayemfahamu, awe wa timu, wa kikundi au wa ukoo.

Katika mji mmoja wa bara, uwanja wa mpira ulijengwa na wananchi wenyewe. Kila familia ilibeba mawe kutoka mtoni, na geti kubwa la mbele likawa fahari ya mji.

Mwenyekiti wa timu ya mji huo aliitwa Mzee Lihanda. Alipokuwa bado mgeni kwenye uongozi, alisikia timu moja ngumu inakuja kucheza pale. Roho ikawa juu. Akaenda kwa muuza kahawa, mtu asiyejua kutunza siri, akamnong'oneza kwamba chini ya geti pamezikwa kitu. Mtu akipita hapo, miguu inakuwa mizito.

Maneno yalifika kabla ya basi la wageni. Wakaliogopa geti, wakaruka ukuta, wakaingia uwanjani magoti yamechubuka na akili haijatulia. Wakafungwa.

Lihanda akanogewa. Kila timu ngeni ikawa inaruka ukuta, na ili uongo wake usishtukiwe, akaamuru hata vijana wake waruke. Wachezaji wale wakastaafu, wakaja wengine waliosikia habari za geti tangu utotoni. Hakuwaambia ukweli. Wa nini, wakati uongo unamfungia magoli?

Lakini ukuta ulianza kubomoka kwa kurukwa. Shirikisho la mpira likatoa agizo: timu isiyopita getini imepoteza mechi.

Agizo lilikuja msimu mbaya kuliko yote. Imebaki mechi moja, na wasiposhinda wanashuka daraja. Manispaa nayo ilishasema wazi: timu ikishuka, uwanja unavunjwa, panajengwa maegesho ya malori. Lihanda, ambaye baba yake alibeba mawe yale mgongoni, alikosa hata hamu ya kula.

Siku ya mechi, wageni walishuka kwenye basi wakapita getini wakiimba. Vijana wa Lihanda wakatazamana.

"Hawa wana lao jambo," alisema Chisumo, nahodha wao.

"Piteni, wanangu," Lihanda akawasihi. "Chini ya geti hakuna kitu. Maneno yale niliyatunga mimi mwenyewe."

Chisumo akamtazama mzee kuanzia viatu hadi kofia.

"Mwenyekiti, miaka yote umeturusha ukuta. Leo, mechi ya kufa na kupona, ndiyo geti limekuwa salama? Wageni wamekupa nini?"

"Haki ya Mungu, sijapewa kitu!"

Lihanda akapita getini mbele yao, akarudi, akapita tena. Jasho likamtiririka.

"Mnaona?" mchezaji mmoja akanong'ona. "Anapita bila woga. Ameshakingwa huyo."

"Ametuuza," mwingine akadakia.

Mzee alipomshika Chisumo mkono amvute ndani, kijana akauchomoa mkono wake kwa hasira, akawaongoza wenzake ukutani. Refa aliwaona wakitua mmoja mmoja. Akapuliza filimbi, akawapa wageni ushindi kabla mpira haujaguswa.

Timu ikashuka daraja. Kabla tingatinga halijaletwa, vijana walikuja na majembe, wakachimba chini ya geti mpaka wakafika kwenye mwamba. Hawakukuta chochote ila udongo na mawe. Lihanda, aliyekuwa amesimama kando, akapumua. Uwanja umekwenda, lakini angalau jina lake litasafishika.

"Mmeamini sasa?" akauliza.

Chisumo akafuta jasho, akaegemea jembe lake.

"Tumeamini, mzee. Umetuwahi ukakitoa."

Funzo: Ukiwafundisha watu kushuku kwa faida yako, siku utakapowaambia ukweli watakushuku wewe.