Juzuu ya Mbarouk

Asiyesoma chumbani husoma matangani. Mmemsikia Daktari Zuwena akiwaambia hivyo asubuhi, mkachekeana, mkadhani mama wa watu anafanya mzaha. Sasa mnaniuliza mimi, Saumu, muuguzi wa wodi hii ya watoto kwa miaka thelathini na moja, maneno hayo yametoka wapi. Kaeni. Mwenye haraka atangulie, maana hili mimi siwezi kulieleza mbio mbio.

Zamani mwalimu alisimama akaeleza ugonjwa hata koo likamkauka, na wanafunzi wakaja kwa wagonjwa wameshachoka. Daktari Zuwena akaona bora ageuze. Akawa anajirekodi akifundisha, analituma somo kwenye simu, kila mtu alisikilize chumbani kwake mapema. Wakija wodini hakuna hotuba tena, ni kushika wagonjwa na kutenda, naye yuko kando anawasahihisha. Utaratibu mzuri, sina neno nao. Tabu ni nyinyi wanafunzi, mna maradhi ya kusomeana. Mmoja anasikiliza somo la dakika arubaini, kisha anawarekodia wenzake sauti ya dakika mbili, na wote wanajihesabu wamesoma.

Alikuwapo kijana akiitwa Mbarouk. Mpole, ana adabu, akina mama wa wodini wakimpenda. Wiki hiyo somo lilikuwa kuharisha kwa watoto, na yeye alisikiliza ile sauti ya dakika mbili huku anapiga mswaki. Ilisema mtoto aliyeishiwa maji afunguliwe dripu haraka. Lakini Daktari Zuwena, mwishoni mwa somo lake, alikuwa ametahadharisha juu ya mtoto mwenye utapiamlo mkali. Huyo moyo wake ni dhaifu, ukimjaza maji ya mshipa kwa haraka utamuua. Mpe ya kunywa, kidogo kidogo, kwa kijiko. Tahadhari hiyo haikuingia katika dakika mbili.

Siku ya pili yake akaletwa Salha, wa miaka miwili, mifupa mitupu, anaharisha tangu juzi. Alibebwa na mama yake, Bi Kazija, na babu yake Mzee Faki akifuata nyuma na mfuko wa nguo. Daktari akamtazama mtoto, akawageukia wanafunzi.

"Somo mmelisikiliza?"

"Tumelisikiliza, daktari."

"Mbarouk, huyu utamfanyaje?"

"Nitamrudishia maji."

"Vyema. Anza, naja sasa hivi."

Chumba cha pili kulikuwa na mtoto ana degedege, tukaenda mimi na yeye kumshughulikia. Daktari hakuuliza maji yatapita njia gani. Hilo linamla mpaka leo, na mimi linanila, maana nilisikia jibu lile nikaona limetosha.

Tuliporudi, chupa ya dripu ilikuwa inakaribia kwisha na Salha anahema kwa shida, mapovu yanamtoka puani. Niliifunga dripu kwa mkono wangu.

"Nani kakwambia umkimbizie maji hivi?" Daktari akauliza.

"Ndivyo somo lilivyosema."

"Somo lipi, Mbarouk? Mimi nimesema mtoto kama huyu apewe kwa kijiko."

Mbarouk akasema kwa sauti ndogo, "Sikulisikiliza lako, daktari. Nilimsikiliza mwenzangu."

Tulihangaika na yule mtoto kwa dawa na hewa ya mtungi. Adhana ya alasiri ilitukuta tumeshamfunika. Daktari Zuwena akakaa na wazee wa mtoto akawaeleza ukweli wote, kwamba maji yalimzidi, na aliyeyafungua ni nani. Bi Kazija alilia mpaka sauti ikamkauka. Mzee Faki alikunja nguo za mjukuu wake, moja moja, akazirudisha mfukoni.

Siku ya tatu ilikuwa hitima, kisomo cha kumalizia matanga. Mbarouk alinifuata akaniomba niende naye, akisema peke yake hathubutu. Tulipofika nilibaki mlangoni kwa wanawake, yeye akaenda kwenye mkeka wa wanaume. Mzee Faki alikuwa akigawa juzuu za Kurani, na kila anayeingia anamuuliza neno lile lile. Alipomfikia Mbarouk alisita, akamtazama sana.

"Umekuja kusoma?"

"Ndiyo, babu."

"Haya. Soma."

Akampa juzuu yake. Wallahi hakumsimanga, lile ni swali la kila hitima. Lakini nilimwona Mbarouk ameinamia kitabu. Wenzake walimaliza, wakala, wakaondoka, yeye bado yuko ukurasa wa kwanza.

Tulipokaribia hospitali ndipo aliponiambia, nami ndiye niliyewapelekea wengine maneno yake:

"Bi Saumu, asiyesoma chumbani husoma matangani."