Sarafu ya Shaweji Iliyokaguliwa Mara Mbili

Hapo zamani, katika mji wa Shundwa, alitawala Sultani mmoja aliyependa sarafu kongwe za fedha kuliko alivyopenda farasi na bustani zake. Kila sarafu, kabla ya kununuliwa, ilipita kwanza kwa Mwinyi Tambaza, mkaguzi wake, aliyeitazama kwa kioo cha kukuzia na kuipa daraja, kuanzia moja mpaka sabini. Iliyopungua sitini haikuingia hazinani. Neno lake lilikuwa la mwisho, wala hapakuwa na mtu aliyethubutu kurudisha sarafu yake ikaguliwe tena.

Basi katika mji huo alikuwako fukara mmoja, jina lake Shaweji, msuka vikapu mwenye maneno mengi na akili zaidi ya maneno. Mvua za mwaka ule zilibomoa ukuta wa nyumba ya mama yake, na bibi kizee yule akawa analala kwa jirani. Shaweji hakuwa na kitu cha kuuza ila sarafu moja ya fedha aliyoachiwa na marehemu babu yake, safi, herufi zake zinasomeka zote. Akaifunga katika kitambaa kikuukuu, akaipeleka. Mwinyi Tambaza akakitazama kile kitambaa, akazitazama nguo za Shaweji, kisha sarafu akaigeuza mara moja tu, akaandika: arobaini.

Shaweji akaenda barazani kwa Sultani, akaomba sarafu yake ikaguliwe upya. Ikawa Sultani ameudhika, kwani aliona mkaguzi wake ametukanwa.

"Ewe Shaweji," akasema, "jicho la Tambaza halikosei. Lakini nitakupa nafasi. Sarafu hii ya arobaini ifanye iwe ya sitini kabla ya adhuhuri, bila kuigusa, bila kuisugua wala kuiosha. Ukiweza, nitainunua kwa bei utakayoitaja mwenyewe. Ukishindwa, sarafu ni mali yangu, nawe utafagia zizi la farasi wangu mwaka mzima."

Watu wa baraza wakacheka. Shaweji akainama, akaiweka sarafu juu ya zulia, akarudi nyuma hatua tatu.

"Seyyid yangu, nimekatazwa kuigusa, basi sina namna ya kuibeba mpaka kwa mkaguzi. Naomba ipelekwe na mtu wa nyumba yako."

Sultani hakuona madhara katika ombi hilo, akamwamuru msarifu wake, mtunza fedha za jumba, aipeleke, asiseme lolote ila kwamba ikaguliwe. Msarifu naye akaibeba kama alivyozoea kubeba sarafu za matajiri waliomuuzia Sultani, juu ya sinia la shaba, imefunikwa hariri. Shaweji akaketi chini akangoja, akimfikiria mama yake.

Haukupita muda msarifu akarejea na cheti. Sultani akakisoma, kisha akakisoma tena. Kiliandikwa sitini na nane, na chini yake maneno kwamba fedha njema kama hii mkaguzi hajapata kuiona tangu azaliwe.

Sultani akauliza ni uchawi gani huo.

"Si uchawi, seyyid yangu. Sarafu ni ile ile. Mara ya kwanza zilikaguliwa nguo zangu, na mara ya pili ikakaguliwa hariri yako. Sarafu yenyewe bado inangoja zamu yake."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Kisha kicheko kikamkatika, maana alizikumbuka sarafu mia tatu za hazina yake, zote za daraja la juu, na zote zilikwenda kwa mkaguzi juu ya sinia lile lile. Akamwuliza Shaweji, kwa sauti ya chini, daraja la haki la sarafu hizo ni lipi.

"Hilo ni jepesi kulijua," akajibu Shaweji kwa adabu. "Nipe mimi nizipeleke."

Sultani akasema hakuna haja.

Shaweji akataja bei yake, nyumba ya mawe kwa ajili ya mama yake, na waashi wakaanza kazi juma lile lile. Mwinyi Tambaza hakuambiwa kitu, akaendelea kukagua kwa heshima zote. Na kesho yake mpiga mbiu akapita mitaani akitangaza amri mpya: katika Shundwa ni marufuku sarafu kukaguliwa mara ya pili.