Zimwi Lililokalia Mzigo

Paukwa! Pakawa mlima, na mlima una mwenyewe.

Alikuwapo Elinazi, msomi wa digrii nzima, aliyezungushwa na maofisi mpaka soli zikaisha, ndipo akapata kibarua cha kubeba mizigo ya wageni mlimani. Kiongozi wao, Dada Manka, aliwaonya wabebaji wapya: "Kichwa kikiuma huko juu, semeni. Mtashushwa, lakini mtaishi."

Kushushwa? Kibarua chenyewe ndiyo kwanza kimepatikana! Never!

Walipoumaliza msitu, zimwi likarukia juu ya mzigo wa Elinazi. "Kichwa vipi, msomi?"

Kilikuwa kinagonga. "Freshi tu!" Zimwi likala njaa yake, chapati ikamshinda.

Wakapanda, wakapanda, wakafika kwenye mawe matupu. "Kichwa vipi, msomi?"

"Freshi tu!" Likala pumzi yake, akahema kama mbwa.

Wakapanda, wakapanda, wakaona barafu. Miguu ya Elinazi ikapishana kama ya mlevi, na mzigo ukawa mzito kama nyumba. "Kichwa vipi, msomi?" Zimwi lililamba midomo. "Umebaki moyo tu."

Akautupa mzigo chini. "Kinauma! Dada Manka, kinapasuka, nishusheni!"

Zimwi likabingirika bondeni, likilia njaa.

"Kumbe digrii haipandi mlima!" wabebaji wakacheka.

"Teremka naye, upesi," Manka akamwamuru msaidizi wake.

Kicheko kikafifia. Aliyecheka kuliko wote akatua mzigo wake taratibu. "Dada," akasema, "hata mimi."

Ngano imeteremka. Ikiwa njema shukeni nayo. Ikiwa mbaya, liachieni zimwi.